Maswali ya Wasomaji: Nimealikwa Kupanda Ukuta Ugenini, Niende?

SWALI

Shikamoo shangazi. Mimi ni msichana wa Lindi, mzaliwa wa Mtanda, na huu ni mwezi wangu wa tano hapa Berlin, nilikokuja kusoma shahada ya pili. Wanafunzi wenzangu, ambao tangu nifike tumekuwa tukisalimiana tu na kuachana mlangoni, wamenialika Jumamosi ijayo niende nao katika ukumbi ambao watu hupanda kuta zilizopachikwa vishikio vya rangi mbalimbali. Nimewaambia nitawajibu. Natamani kwenda, kwa sababu upweke wa huku umeanza kunilemea, lakini nina maswali ambayo naona haya kuwauliza wao. Sijawahi kupanda kitu chochote. Babu yangu wa Kitunda alikuwa mkwezi wa minazi na aliwafundisha wajukuu wa kiume, ila sisi wasichana tuliambiwa kwamba kukwea si kazi yetu. Ninavaa hijabu. Kijerumani changu ni cha kuombea maji. Nimesikia pia kwamba anayepanda kwa kamba hushikiliwa na mtu mwingine, ambaye huenda akawa mwanamume. Je, mtu kama mimi ana nafasi mahali kama hapo, na kama anayo, aanzie wapi? Nilipomweleza mama kwa simu, alisema nisimletee msiba wa mbali.

Msomaji wa Lindi, aliyeko Ujerumani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nenda, na uende Jumamosi hiyo hiyo, maana mwaliko wa kwanza ugenini ukiuahirisha mara mbili huwa hauji wa tatu.

Nakujibu kama mtu aliyepita njia hiyo, kwa kuwa niliishi Ujerumani miaka minne nikisomea uuguzi kabla ya kurudi nyumbani Mtwara, na ukumbi wa aina hiyo ndio ulikuwa mahali pa kwanza ambapo wenzangu waliacha kuniita "yule wa Tanzania" wakaanza kuniita kwa jina langu. Nitafika kwenye nguo, kamba na gharama. Kwanza, hata hivyo, nataka ushike jambo moja kuliko yote nitakayoandika hapa: siku hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba umeelewa ikiwa hujaelewa. Sisi watu wa pwani ya kusini tumelelewa kutomkatiza anayeeleza, na huitikia kwa kichwa hata pale maneno yanapotupita, ili mwenzetu asione kwamba amepoteza muda wake. Adabu hiyo ni njema barazani. Chini ya ukuta mrefu, katika lugha usiyoimudu, ina hatari kubwa kuliko huo urefu wenyewe.

Somo hilo nililipia kwa mkono wangu. Mara ya kwanza nilipokwenda, kijana wa mapokezi alitueleza kanuni kwa Kijerumani cha haraka, akatuonyesha mara moja namna ya kuanguka, kisha akauliza kama tumeelewa. Wenzangu wakasema ndiyo, nami nikasema ndiyo, ingawa nilikuwa nimedaka maneno mawili matatu tu. Nilipofika juu ya njia yangu ya kwanza, mikono iliishiwa nguvu. Sikujua kwamba wakati wa kushuka ningeweza kushika kishikio cha rangi yoyote, basi nikajiachia, na nilipokuwa hewani nikautanguliza mkono wa kulia nyuma ili kujizuia. Kifundo cha mkono kikateguka. Nilikaa wiki tatu na bendeji, nikashindwa kufanya mazoezi ya wodini, na ikanibidi kuyarudia yote muhula uliofuata. Hadi leo naamini kwamba anayepokea wageni mahali kama pale anapaswa kumtaka kila mgeni aonyeshe kwa mwili wake kile alichoambiwa, wala asiridhike na neno "ndiyo", na nalisema hilo kwa uchungu kwa sababu ingetosha kuniambia "hebu anguka nikuone". Lakini na mimi nilikuwa na sehemu yangu: niliona aibu.

Kwa hiyo jifunze sentensi moja ya Kijerumani na uisome kwa sauti chumbani mpaka ulimi uizoee: Zeig mir das bitte noch einmal, ich habe es nicht verstanden. Maana yake ni "tafadhali nionyeshe hilo tena, sijaelewa". Ukishaonyeshwa, nawe uonyeshe, hapo hapo, kabla hujaweka mguu ukutani. Usishtuke kwamba sentensi hiyo inamwita mtu kwa namna ya watu waliozoeana. Kumbini humo wote huitana du, mzee na kijana, na desturi hiyo inatoka milimani, ambako wapandaji wa Alps husema kwamba ukishavuka mita 1000 neno la heshima, yaani Sie, hubaki bondeni. Kwa sisi tuliozoea kumwamkia kila aliyetuzidi umri, jambo hilo hukwaruza sikio kwa wiki za mwanzo, lakini halina dharau ndani yake. Ni namna yao ya kusema kwamba watu wanaokabidhiana usalama wao hawawezi kukaa mbali mbali.

Sasa kuhusu ukuta wenyewe. Yapo mambo mawili tofauti ambayo mara nyingi hufanyika chini ya paa moja, na ni lazima uwaulize wenzako wanakwenda kufanya lipi. La kwanza ni kupanda bila kamba ukuta mfupi, ambao kwa kawaida hauzidi mita 4 na nusu, na chini yake sakafu yote imetandikwa magodoro mazito. Wenyeji huliita bouldern. Hapo hakuna anayekushika, unapanda peke yako na unashuka peke yako. La pili ni kupanda kwa kamba ukuta wa mita 12, 15 au zaidi. Ukitaka kuupima urefu huo kwa jicho la mtu wa Lindi, pita kwanza kwenye jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe hapo Berlin, ambako imesimamishwa mifupa ya dinosauri mkubwa iliyochimbuliwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913. Ina mita 13.27 kwenda juu. Ni mifupa ambayo wapagazi wetu waliibeba kwa miguu kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, na mimi niliposimama chini ya shingo ile nilishindwa kuzuia machozi. Inua macho mpaka kichwani, na utakuwa umeuona ukuta wa kamba.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na ukuta mfupi. Sababu ya kwanza ni lugha, kwa kuwa maelezo yake ni machache na mengi yanaweza kuonyeshwa kwa vitendo. Kila njia ina vishikio vya rangi moja, na rangi hiyo pia hukuambia ugumu wake, ingawa kila ukumbi una mpangilio wake wa rangi, hivyo soma ubao ulio ukutani au uulize. Vishikio vya kuanzia huwa vimewekewa alama, na njia huhesabiwa kuwa imekwisha pale unapokishika cha mwisho kwa mikono yote miwili ukatulia. Kisha shuka kwa vishikio hadi miguu iwe karibu na godoro, ndipo uruke. Ukianguka bila kutaka, tua kwa miguu yote miwili, kunja magoti, jiachie ulalie mgongo, na mikono uikunje kifuani. Rudia mara tano ukiwa umesimama chini, kisha mara tano kutoka urefu wa nusu mita, kabla ya kupanda njia yoyote. Na usikae wala usipite chini ya mtu anayepanda, hata kama unakimbilia chupa yako ya maji, kwa sababu anayeanguka hawezi kuchagua pa kuangukia.

Kamba ni mlango mwingine, nao haupitwi bila kufundishwa. Anayepanda hufunga mkanda unaozunguka kiuno na mapaja, kamba huunganishwa kwenye mkanda huo kwa fundo lenye umbo la tarakimu 8, ambalo kamba huifuata njia yake mara ya pili, na mshika kamba aliye chini huipitisha kamba katika kifaa kinachoibana mwenzake akianguka. Kila mara kabla ya kuanza, kila mmoja humkagua mwenzake: vifungo vya mkanda, fundo, karabina, yaani pete ya chuma inayofunguka, kama imefungwa, kamba kama imepita upande wake sahihi. Wapandaji wenye miaka ishirini ya uzoefu hukaguana hivyo hivyo, kwa hiyo usione kwamba unamkosea mtu heshima ukimtazama fundo lake. Maneno ya amri ni machache, nayo uyajue kama unavyojua jina lako: "Zu" ni kaza kamba, "Seil" ni niachie kamba kidogo, "Ab" ni nishushe. Chama cha wapanda milima cha Ujerumani, Deutscher Alpenverein, ambacho kilianzishwa mwaka 1869 na ambacho matawi yake yana kumbi nyingi nchini humo, hutoa mafunzo na cheti cha kushika kamba, na idara ya michezo ya chuo chako, ambayo wenyeji huiita Hochschulsport, huenda ikawa na mafunzo kama hayo kwa bei ya wanafunzi. Ukijaribiwa na rafiki aseme "nishike tu, ni rahisi, nitakuelekeza nikiwa juu", kataa. Hapo ndipo maisha ya mtu yanapokuwa mikononi mwako, na hapo ndipo Kijerumani cha kuombea maji hakitoshi.

Umeuliza kuhusu kushikwa na mwanamume. Mshika kamba hashiki mwili wako; hushika kamba, naye husimama chini wakati wewe uko juu. Ukaguzi wa mkanda hufanywa kwa macho, na pengine kwa kuvuta kifungo, na ukimwomba mwanafunzi mwenzako wa kike akukague yeye, hakuna atakayeuliza sababu. Wapo pia wenye kumbi wanaotenga jioni maalumu za wanawake, jambo unaloweza kuliuliza mapokezi. Kwenye ukuta mfupi suala hilo halipo kabisa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kukutaka uanzie huko.

Hijabu haikuzuii. Mwanamke wa kwanza duniani kupanda ukuta wa mashindano ya kasi, wenye mita 15, kwa muda wa chini ya sekunde 7 alikuwa Aries Susanti Rahayu wa Indonesia, mwaka 2019, kwa sekunde 6.995, naye alikuwa amevaa hijabu. Chagua ya kitambaa kinachovutika, isiyohitaji pini, na ncha zake uziingize ndani ya nguo, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa na kishikio, au kikavutwa pamoja na kamba ndani ya kifaa siku utakapokuwa wewe ndiye mshika kamba. Suruali pana isiyoburuza pamoja na blauzi ndefu inayofika katikati ya mapaja vinafaa. Gauni refu halifai, kwani mguu hupanda juu kuliko unavyodhani. Pete zote uvue, na hata bangili. Naandika kama muuguzi: pete ikinaswa na kishikio wakati mwili unaanguka, kinachoumia ni kidole kizima. Kucha uzikate. Hina haina tatizo lolote.

Viatu usinunue siku ya kwanza, kodi hapo hapo. Vina soli ya mpira laini na hubana vidole, lakini kwa anayeanza visiume. Ukishindwa kusimama navyo dakika kumi, omba namba kubwa zaidi. Usiende navyo msalani, kwa sababu soli hizo ndizo hukanyaga vishikio ambavyo wenzako watavishika kwa viganja. Utaona watu wakijipaka unga mweupe mikononi. Ni kaboneti ya magnesiamu, ambayo hukausha jasho, na baadhi ya kumbi huruhusu ile ya majimaji tu. Kiingilio cha siku mara nyingi huwa kati ya euro 10 na 20, na kukodi viatu huongeza euro chache, kwa hiyo kitambulisho cha mwanafunzi usikiache nyumbani. Kumbi nyingi hufungwa saa nne au saa tano usiku, jambo ambalo litakufaa mwezi wa Ramadhani, utakapotaka kufuturu kwanza.

Nimeiweka mahali pake habari ya babu yako wa Kitunda, kwa sababu nadhani umebeba ujuzi usioujua. Karibu kila anayeanza hujivuta kwa mikono, na baada ya robo saa vigasha vyake vimejaa na kukakamaa hata kufungua chupa hawezi. Sasa kumbuka ulivyokuwa ukimtazama babu kutoka chini ya mnazi. Mikono yake ilikumbatia shina ili asitengane nalo, lakini miguu ndiyo iliyousukuma mwili juu, hatua baada ya hatua, na alipotaka kupumzika aliinyoosha mikono akaacha mwili ulale juu ya miguu. Fanya hivyo hivyo ukutani: simama kwa ncha ya kidole gumba cha mguu, leta nyonga karibu na ukuta, nyoosha mikono unapotafuta kishikio kinachofuata, na uinuke kwa magoti. Uliambiwa kukwea si kazi ya wasichana, lakini macho yako hayakuzuiwa kuona, na utashangaa ni mangapi yaliyobaki humo.

Lipo swali ambalo hukuliandika waziwazi, nalo ni kama watu wa huko watakutaka. Sitakudanganya kwamba milima na kuta za Ulaya zimekuwa za wote siku zote. Mwaka 1924 chama cha wapanda milima cha Wajerumani na Waaustria kilifukuza tawi la Vienna lililoitwa Donauland, ambalo wanachama wake wengi walikuwa Wayahudi, miaka kadhaa kabla ya Wanazi kushika madaraka. Nakueleza hayo ili ukimwona mtu mmoja anakukodolea macho usifikiri umekosea njia. Umeingia mahali penye historia, na una haki ya kuwapo kama mwingine yeyote. Mtu akikutolea maneno ya kuudhi, waambie wenzako na wahudumu, usiyameze peke yako.

Lakini mengi utakayokutana nayo si hayo. Watu wanaopanda kuta hutumia sehemu kubwa ya muda wao wakiwa wamekaa. Mpandaji mzuri hujaribu njia kwa nusu dakika, kisha hupumzika dakika kadhaa ili vidole virudi katika hali yake, na katika dakika hizo wote hukaa pembeni mwa magodoro wakiutazama ukuta, wakionyeshana kwa mikono hewani namna mguu ulivyopaswa kukaa. Mazungumzo hayo hayahitaji sarufi. Unanyoosha kidole, unasema "mguu, hapa", mwenzako anatikisa kichwa, anasema "hapana, kule", mnainuka mnajaribu, mnaanguka wote wawili kwenye kishikio kile kile, na mnacheka. Darasani ulikuwa ukihitaji sentensi kamili ili uhesabiwe kuwa mtu. Pale unahitaji kujaribu tu. Mimi Kijerumani changu cha kweli kilianzia kwenye magodoro, kwa maneno ya kushoto, kulia, juu, karibu na bado kidogo. Atatokea pia mtu usiyemjua akakueleza namna ya kupanda njia yako kabla hujamwuliza. Kwa kawaida ni ukarimu. Ukitaka kuitafuta mwenyewe, mwambie asante, unataka kujaribu kwanza, naye ataelewa mara moja, kwani kulimaliza fumbo la mwenzako ni jambo ambalo wao wenyewe hujihadhari nalo.

Kwa siku za baadaye, usiende zaidi ya mara mbili kwa wiki katika miezi ya mwanzo, na uache angalau siku moja katikati. Misuli hupata nguvu katika wiki chache, lakini kano za vidole, pamoja na vikanda vidogo vinavyozishikilia karibu na mfupa, huhitaji miezi mingi, na wengi huumia pale wanapojiona wamekwisha kuwa hodari. Ukisikia maumivu makali chini ya kidole cha pete au cha kati, acha siku hiyo hiyo. Malengelenge ya viganja ni kawaida, yaoshe na uyaache yakauke.

Na mama. Mwambie kwamba ni mchezo uliokwisha kuingia Olimpiki, ulichezwa Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Mwambie utaanza na ukuta wenye magodoro, usiozidi sana urefu wa paa la nyumba yenu. Mwambie kwamba bima yako ya afya, ambayo bila hiyo chuo kisingekusajili, ndiyo utakayoitumia ukiumia, na kwamba namba ya dharura huko ni 112. Kisha mpigie simu ya video Jumamosi usiku ukiwa umekaa kitandani, mzima, umwonyeshe viganja. Maneno yote niliyoyaandika hapa hayatamtuliza kama video hiyo ya dakika mbili.

SWALI

Dada mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Masasi. Ndugu yangu anayeishi nje ya nchi amenitumia picha akipanda ukuta ukumbini, na wanafunzi wangu walipoziona wakaniambia, "Mwalimu, sisi tuna mawe haya yote hapa, tunasubiri nini?" Baadhi yao tayari hupanda mawe hayo wakitoka shule. Je, naweza kuwafundisha mbinu za ukumbini juu ya mawe yetu?

Mwalimu wa Masasi

JIBU

Salaam, mwalimu. Juu ya mawe hayo, hapana, isipokuwa siku utakapompata mkufunzi aliyefuzu, mwenye kamba na vifaa vyake. Mawe ya Masasi ni ya aina ambayo mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, baada ya kusafiri Afrika Mashariki, aliipa mwaka 1900 jina la Inselberg, yaani mlima ulio kama kisiwa, na wanajiografia wa dunia nzima wanalitumia neno hilo mpaka sasa. Uzuri wake ndio hatari yake. Mwamba wa namna hiyo hujimenya kwa magamba, kama kitunguu, na gamba linaloonekana imara linaweza kumeguka likiwa na mtoto juu yake; ubavu wake ni laini, na baada ya mvua huteleza. Ndugu yako anaanguka juu ya godoro zito, kutoka kwenye vishikio vinavyokaguliwa. Mwanafunzi wako anaangukia jiwe.

Lakini nisingependa uwaambie watoto "hapana" tupu, kwa sababu hamu waliyo nayo ni njema na hizo picha zimekufungulia mlango. Kuta hizi za ndani zina historia ya kiualimu. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza, Don Robinson, ambaye alikuwa akifundisha elimu ya viungo kama wewe, alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa ujia wa jengo ili wanafunzi wake wafanye mazoezi, na ukuta huo unahesabiwa miongoni mwa kuta za kwanza za aina yake. Hakuwa na vishikio vya rangi, alikuwa na fundi, saruji na mawe.

Omba ruhusa ya mkuu wa shule, mtafute fundi mwashi anayeaminika, na chagueni ukuta mnene usio na nyufa. Apachike mawe madogo yaliyolainishwa kingo, ndani kabisa ya saruji, kwa mpangilio wa kwenda upande badala ya kwenda juu, ili miguu ya mwanafunzi isizidi nusu mita kutoka ardhini hata siku moja. Saruji ikishakauka vizuri, fundi mwenyewe alipige kila jiwe kwa nyundo na kulining'inia kwa uzito wake wote mbele yako. Chini mwage mchanga wa kina kama wa shimo la kuruka chini kwa umbali. Wafundishe kuanguka kwanza, kama nilivyomweleza mwanangu wa Lindi hapo juu, kisha shindano liwe nani atavuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kugusa mchanga. Wale wanaopanda mawe wakitoka shule wape kazi ya kupanga njia za wenzao, kwa kuzitia alama za chokaa. Na mchanga huo ulegezwe kwa jembe kila asubuhi, kwa sababu ukikanyagwa siku mbili tatu huwa mgumu kama sakafu.